Karatasi ya Karanga



Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya riwaya na maadili ya jamii. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kutosha, kurasa saba, kama ilivyo desturi ya mwalimu mstaafu. Nimeziacha nyumbani. Nimekuja na karatasi moja tu, hii hapa. Walio mbele wataona imejaa mafuta na imesokotwasokotwa. Ni karatasi ya karanga.

Jumanne iliyopita, baada ya magharibi, tulikuwa barazani na wenzangu tunakunywa kahawa. Akapita kijana na sinia lake, nikanunua karanga za shilingi mia mbili. Zilipokwisha nikaikunjua karatasi ili niitupe, nikaona muhuri wa zambarau. Nikaisogeza kwenye taa. Ulikuwa ukurasa wa Kusadikika. Sikuhitaji kuona jalada; kitabu hicho nimekifundisha miaka 23. Na muhuri ni wa sekondari wanayosoma watoto wetu. Jina lake silitaji, nyote mnalijua. Nikamwita yule kijana, nikamwuliza karatasi anazipata wapi. Akasema ananunua kwa kilo, sokoni, na kwamba safari hii zilikuwa nzuri kwa sababu hazina wino mwingi.

Mnakumbuka tulivyochanga. Elfu tano kila mzazi, na wapo waliotoa kwa mafungu ya mia tano mia tano. Mama mmoja anayekaanga mihogo stendi alileta mchango wake umefungwa kwenye ncha ya kanga, sarafu tupu, ukahesabiwa yeye akiwa amesimama. Vitabu vilipofika tulipiga picha navyo. Makatoni sita, riwaya tupu. Miezi minne baadaye rafu zilikuwa wazi. Mwalimu wa kujitolea, binti asiye na mshahara, aliyekuwa akikitunza kile chumba tunachokiita maktaba, alichukua daftari la kupokelea vitabu akalilinganisha na rafu. Akaiandikia bodi, akaorodhesha kitabu kwa kitabu. Jibu alilopewa ni kutakiwa aandike barua ya kujieleza. Wiki iliyofuata akaambiwa huduma yake haihitajiki tena.

Kisha tukaitwa kikao cha wazazi. Hicho ndicho kinachoninyima usingizi, kuliko hata wizi wenyewe. Mwizi wa vitabu ni mtu mmoja au wawili. Kikaoni tulikuwa zaidi ya mia. Tukaambiwa mambo ya ndani ya shule hayaanikwi juani. Tukaulizwa nani anataka mjadala ufungwe. Mikono ikapanda. Wangu nao ulipanda, ndugu zangu, nasema mbele yenu. Nina mjukuu kidato cha tatu, nikaogopa asije akatazamwa kwa jicho baya. Binti yule alikuwa ameketi karibu na dirisha, amelipakata daftari lake. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwomba alifungue.

Karatasi hii inanikumbusha karatasi nyingine. Mwisho wa mwaka 1977 serikali ya Kenya ilimkamata mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, ikamweka kizuizini Kamiti bila kumfikisha mahakamani. Huko gerezani, mwaka 1978, aliandika riwaya kwa Kigikuyu. Karatasi aliyoiandikia ilikuwa ya chooni. Riwaya hiyo ilitoka 1980, na sisi tukaisoma kwa Kiswahili kwa jina la Shetani Msalabani. Fikirini jambo hilo. Mfungwa, katika seli, anaiokota karatasi duni kuliko zote duniani na kuifanya kitabu, kwa kuwa ana neno ambalo lazima watu walisikie. Sisi huku tuko huru. Milango yetu iko wazi, taa zinawaka, adhana na kengele tunazisikia. Tumekichukua kitabu tukakifanya karatasi ya karanga.

Na kitabu chenyewe ni cha nani? Shaaban Robert alizaliwa Vibambani mwaka 1909, si mbali na hapa tulipokaa, na amezikwa Machui. Ni mzee wa mji huu. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, kazi yake akaianzia forodhani. Alijua daftari ni nini. Kusadikika kilichapishwa 1951, Mwingereza bado yuko juu yetu, ndiyo maana nchi ile akaiweka angani, mahali ambapo hakuna mkuu wa wilaya wa kumwita ofisini.

Wengi wenu mlikisoma shuleni. Waziri Majivuno anamshitaki Karama kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu sheria. Karama anajitetea siku sita. Kila siku anasimulia habari ya mjumbe mmoja: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa, Amini. Wote walitumwa kuitafutia nchi manufaa, pande zote nne za dunia, mbinguni na ardhini. Walirudi na maarifa wakalipwa kifungo. Mwishoni mfalme anamwachia huru Karama, na wale sita wanafunguliwa.

Swali la Karama na Majivuno nimelisahihisha mara zisizo na idadi. Mtoto anaandika kwamba Karama ni jasiri na mpenda haki, Majivuno ni mbinafsi na mwenye kiburi, anatoa hoja nne, anapata alama zake. Nilikuwa nikifurahi. Jumanne ile, nikiwa na ukurasa huu mkononi, ndipo nilipogundua swali ambalo sikulitunga hata mara moja kwa miaka yote 23. Wajumbe sita walipotiwa gerezani mmoja baada ya mwingine, Kusadikika nzima ilikuwa wapi? Buruhani hakuwa na jirani? Auni hakuwa na shemeji? Waliokunywa naye maji ya kisima kimoja walisema nini alipopelekwa? Kila riwaya ya dhuluma ina mhusika huyo ambaye hatumwandiki kwenye orodha ya wahusika: watu waliokuwepo. Waliona, wakajua, wakaenda kulala.

Mhusika huyo ni sisi. Alikuwa kwenye kikao kile, na mkono wake ulikuwa juu.

Na siku hizi watoto wetu hawafiki hata kwa Karama. Wanasoma madesa. Kurasa kumi za fotokopi, zimeandikwa dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi, kila kitu kimeshatafunwa. Mtoto anaweza kufaulu vizuri kabisa bila kukaa na Karama dakika moja. Walimu wenzangu, nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nami nimegawa madesa, nikijitetea kwamba vitabu havitoshi. Lakini siku sita ni siku sita. Shaaban Robert angetaka, angekiandika kitabu chake kwa siku moja. Alitaka uketi kwenye benchi la kesi ile, uchoke, usikie habari ya mjumbe wa tatu ukiwa bado hujamsahau wa kwanza, mpaka makalio yawake moto na miguu itake kusimama yenyewe. Dhamira unaweza kuikariri usiku wa kuamkia mtihani. Ile hamu ya kusimama haikaririwi.

Na kunyamaza huku hakuko Kusadikika peke yake. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alitoa riwaya ya Rosa Mistika. Kwa muda kitabu hicho kilizuiwa mashuleni, wakubwa wakasema kinawachafua watoto. Ndani yake yumo Zakaria, baba wa Rosa, mlevi anayempiga mkewe Regina, na anayedhani binti hulindwa kwa kipigo. Rosa anaharibikiwa, mwisho anajiua. Tulikizuia kitabu. Fimbo ya Zakaria hatukuizuia. Ilikuwepo Namagondo, kijijini kwa akina Rosa, na ilikuwepo mtaani kwangu pia; nilikuwa naisikia usiku kupitia ukutani, na asubuhi nilimsalimia mwenye nayo kama hakuna kilichotokea. Angalieni jinsi mkono wetu unavyokwenda haraka kumfunika anayesema, na unavyokuwa mzito kwa anayetenda. Binti wa daftari aliondolewa ndani ya wiki moja. Aliyeuza vitabu yuko ofisini kwake mpaka leo jioni.

Nimemsikia mtu hapo kushoto akisema, "Mwalimu, unatuchonganisha." Hapana, kaka yangu. Huo uchonganishi tulishaufanya siku ile tulipomwacha mtoto wa watu asimame peke yake.

Mama mmoja amenifuata kabla sijapanda hapa. Kaniambia, "Mwalimu, mwanangu anafanya mtihani mwaka huu. Nikipiga kelele, nani atamlinda?" Mama, sikulaumu. Hofu yako ndiyo hofu yangu, na mtu asikudharau kwa hiyo. Uchaguzi mgumu ndivyo ulivyo. Ungekuwa kati ya jema na baya lililo wazi, kila mtu angekuwa shujaa. Wewe unachagua kati ya mtoto wako na mtoto wa mwenzako. Hapo ndipo riwaya nzuri humkamata msomaji shingoni, maana humpeleka mahali ambapo kila njia ina hasara yake.

Lakini nisikilize kidogo. Adam Shafi aliandika Kuli, ikatoka 1979. Mtu yule alikijua kifungo kwa mwili wake mwenyewe miaka ya 1970, na baadaye akaandika Haini. Katika Kuli anatupeleka bandarini Unguja, kwenye mgomo wa makuli wa 1948, jambo lililotokea kweli. Rashidi ni mtoto wa kuli, naye ni kuli. Rashidi akisimama peke yake ni mtu mmoja aliyefukuzwa kazi, na kesho yake pale pale getini wapo kumi wa kushika nafasi yake. Bandari ilisimama kwa sababu wale kumi hawakwenda. Nao walikuwa na watoto waliokula kila siku, kama wako, mama. Siku hizo hakukuwa na akiba benki. Walikuwa na hofu ile ile uliyo nayo, wakaigawana, ikawa nyepesi kwa kila mmoja.

Mzazi mmoja akiuliza habari za vitabu, mtoto wake ataonewa. Wazazi mia wakiuliza asubuhi moja, ataonewa mtoto yupi? Watamwanzia nani?

Ndiyo sababu nimechoka kusikia kwamba vijana wa siku hizi hawana maadili. Vijana wanatuangalia. Mjukuu wangu niliyemnyamazia, eti namlinda, aliniuliza mwezi mzima, "Babu, madamu amekwenda wapi?" Nikamjibu amepata kazi kwingine. Nilimdanganya mtoto huku darasani tukimfundisha kwamba Karama alisema kweli mbele ya mfalme. Tutawafundisha nini kesho? Wakitoka hapo wakawa makarani, mahakimu, wahasibu wa halmashauri, tutashangaa wakinyamaza?

Basi inatosha. Sikuja kulia.

Pale mezani, karibu na mlango, kuna barua. Ina ukurasa mmoja. Inaomba kwamba daftari la vitabu lifunguliwe mbele ya wazazi wote, si ofisini, bali katika ukumbi ule ule tulimoufungia mjadala. Inaomba mwalimu arudishwe kazini na aombwe radhi humo humo. Na inasema vitabu vitalipwa na aliyeviuza. Mama wa mihogo hatachangishwa mara ya pili. Jina langu lipo mstari wa kwanza. Wasiojua kuandika, wino wa kidole upo. Mwenye hofu asaini pamoja na jirani yake, washikane mikono waende wote wawili. Na atakayeona leo hawezi, aende nyumbani kwa amani, ila asituambie tena kwamba hakujua.

Jambo jingine. Kuanzia Jumatatu, baada ya isha, barazani kwangu tutasoma Kusadikika kwa sauti, kutoka ukurasa wa kwanza. Usiku sita, siku moja ya Karama kila usiku. Nakala ninayo yangu, ya zamani, imeshonwa kwa uzi. Waleteni watoto. Waambieni madesa wayaache nyumbani. Njooni nyinyi pia, hasa mliosoma zamani mkasahau, na muuza karanga nimeshamwalika. Kahawa ni juu yangu.

Sasa nina ombi la mwisho. Binti yule yupo hapa. Nilimfuata kwao jana, nikamwomba msamaha mbele ya mama yake, nikamsihi aje. Ameketi safu ya nne, upande wa dirisha, na daftari lake analo.

Mwalimu, njoo mbele. Mpisheni, tafadhali. Nipeni kile kiti, mimi nitasimama. Keti hapa, mwanangu, lifungue, utusomee taratibu, kitabu kwa kitabu. Tunakusikiliza.