Taka za Mlimani Zishuke Pamoja na Mgeni

Msikilizaji wa Naro Moru, Nanyuki au Chogoria, ikiwa kazi yako ni kupandisha wageni Mlima Kenya, tega sikio. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja, kama chupa za maji, sahani na vikombe, ni marufuku katika mbuga za kitaifa na misitu ya hifadhi. Mpe mgeni chupa ya kujazwa tena. Maji ya kijito yachemshwe kambini jioni, yapoe usiku. Kule juu baridi hufanya hata maganda ya ndizi yachelewe kuoza, na vijito vinavyolisha Tana na Ewaso Ng'iro huanzia pale pale. Mpagazi anayeshusha gunia la taka hadi getini amebeba mzigo kama mwingine wowote: mlipe.