Mkono Wenye Ruhusa: Ulinzi wa Hifadhi za Seva katika Nyanda za Juu za Kigoma

Mtu akiuliza katika ofisi za Kasulu au Kibondo ni nini kinachotishia seva, atajibiwa haraka: radi, umeme, wezi na virusi. Majibu hayo yana msingi. Utafiti wa satelaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliitaja Kabare, Kivu Kusini, kuwa ya kwanza Afrika na ya pili duniani kwa radi, takriban miali 205 kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka, na Kabare iko ng'ambo ya pili ya Burundi tu. Umeme nao una historia yake: kabla ya gridi ya Taifa kufika, miji hii ilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, na waliofanya kazi enzi hizo wanajua kompyuta inavyozimika katikati ya kuhifadhi faili.

Orodha hiyo, hata hivyo, inamwacha mharibifu mmoja mkubwa. Ni mtu mwenye nenosiri sahihi na nia njema, anayefanya kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alikuwa akihangaika na seva mbili za kanzidata zilizogoma kwenda sambamba. Aliamua kufuta folda ya seva ya pili ili aanze upya. Amri akaiandika kwenye dirisha la seva ya kwanza, ile iliyokuwa ikiwahudumia wateja. Alipogutuka na kuisimamisha, kati ya takriban gigabaiti 300 zilikuwa zimebaki 4.5. Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za kutunza nakala rudufu, na hapo ndipo kisa kinapotisha zaidi. Nakala za kila siku hazikuwapo kabisa, kwa sababu programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo lisilolingana na la kanzidata; barua pepe za kutoa tahadhari zilitumwa, lakini mfumo wa barua ukazikataa. Kilichowaokoa ni picha ya diski ambayo mhandisi huyohuyo aliipiga kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine. Kazi ya saa hizo sita ilipotea.

Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kiliumia Desemba 2021 kwa njia ya ajabu zaidi: programu ya kutunza nakala ndiyo iliyofuta data. Mafundi waliibadilisha wakati ikiendelea kufanya kazi, ikasoma maelekezo mapya kuanzia katikati, na terabaiti 77 za watafiti zikafutika. Hapakuwa na mdukuzi wala radi.

Ofisi nyingi hujifariji kwa kuwa na seva mbili zinazoigana, au diski mbili ndani ya seva moja zinazoandikwa kwa pamoja. Mpangilio huo una faida yake: diski moja ikifa, huduma inaendelea. Lakini faili likifutwa kwenye diski ya kwanza, linafutwa na kwenye ya pili papo hapo. Kuigana kunalinda chuma, hakulindi data. Kampuni ya meli ya Maersk ililijua hilo tarehe 27 Juni 2017, kirusi cha NotPetya kilipoingia kupitia programu ya uhasibu ya Ukraine. Seva zake takriban 150 zilizotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilikuwa zikiigana duniani kote, kila moja ikiwa akiba ya nyingine. Zote zikafutwa, isipokuwa moja. Ilikuwa Ghana, na ilipona kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kabla kirusi hakijafika.

Mtandao wa Ghana ulikuwa wa polepole mno kuweza kutuma data hizo Uingereza, na watumishi wa pale hawakuwa na viza. Mmoja wao ikabidi asafiri na diski hadi uwanja wa ndege nchini Nigeria, akaikabidhi kwa mwenzake aliyeipeleka Maidenhead, karibu na London. Kampuni ilisimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku kumi. Anayelalamikia umeme wa Kasulu ana haki ya kucheka kidogo hapo, kisha ajiulize: je, kuna nakala yoyote ofisini kwake iliyozimwa kwa makusudi?

Tukija Kabanga (hii ya Kasulu yenye hospitali ya misheni ya Jimbo Katoliki la Kigoma, si ile ya Ngara inayovuma kwa nikeli), mfano wa kufaa ni kanzidata ya CTC2, ambayo kwa miaka mingi imetumiwa na kliniki za huduma na matibabu ya VVU nchini. Ilijengwa kwa Microsoft Access. Data ya wagonjwa hukaa ndani ya faili, na kila anayeingiza taarifa lazima awe na haki ya kuandika katika folda lilimo, vinginevyo programu haifanyi kazi sawasawa. Kwa maneno mengine, anayeruhusiwa kuandika rekodi moja anaweza pia kufuta faili zima kwa kubofya mara mbili tatu. Umeme ukikatika wakati wa kuandika, faili linaweza kuharibika ndani bila mtu kutambua mpaka wiki kadhaa zipite.

Wapo wanaodhani kwamba takwimu zilizokwisha kutumwa Dodoma zinatosha kurudisha yote. Hapana. Takwimu za mwezi zinazoingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa taarifa za afya wa taifa, ni jumla tu: wangapi walianza dawa, wangapi waliacha. Jumla haiwezi kurudisha historia ya mgonjwa mmoja. Kituo kilichopoteza faili kitarudi kwenye kadi za karatasi zilizobaki kabatini na kuanza kuchapa upya.

Kinga ya hasara hii si ghali. Iko zaidi katika mpangilio kuliko katika fedha.

Kwanza ni nani anaandika wapi. Kosa lililozoeleka ni seva kuu kusukuma nakala kwenye diski iliyochomekwa humohumo, kwa akaunti ileile ya msimamizi. Programu haribifu inayofunga data na kudai fidia ikiingia, au msimamizi akiteleza, vyote viwili vinakwenda. Utaratibu ufaao ni kinyume chake: mashine ya akiba ndiyo ije kuchukua data, kwa akaunti inayoruhusiwa kusoma tu, na seva kuu isiwe na nenosiri lolote la mashine hiyo. Mkulima wa maharage wa Kibondo hatunzi mbegu katika gunia la chakula, na kwa hili fundi wa kompyuta hana sababu ya kumzidi uzembe.

Baada ya hapo huja umri wa nakala. Nakala moja inayoandikwa juu ya ile ya jana ni hatari, kwani uharibifu wa kimyakimya unaogunduliwa baada ya mwezi utakuwa umeshanakiliwa mara thelathini. Zinahitajika nakala za kila siku, za kila wiki na za kila mwezi, na mojawapo ikae kwenye diski ya nje iliyochomolewa, nje ya Kabanga, kwa mfano mjini Kasulu. Diski hiyo ifungwe kwa usimbaji, maana ina majina ya wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa azilinde dhidi ya kupotea, kuharibiwa na kubadilishwa bila idhini. Diski iliyosahaulika ndani ya basi haitakuwa na utetezi.

Kuhifadhi mtandaoni kunasaidia, ila kusiwe tegemeo pekee. Mei 2024 mikonga ya baharini ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu, intaneti ya Tanzania iliyumba. Na ukubwa wa serikali si kinga: Korea Kusini, yenye mitandao inayosifiwa duniani, iliunguliwa na kituo chake cha data cha Daejeon tarehe 26 Septemba 2025, na terabaiti 858 za nyaraka za watumishi wa umma zikateketea bila nakala mahali pengine. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba hifadhi hiyo ilikuwa kubwa mno kunakiliwa.

Linabaki jaribio, ambalo karibu kila ofisi hulikwepa. Ripoti inayosema nakala imekamilika haithibitishi kwamba nakala inafunguka. GitLab hawakupata hata ripoti ya kwamba zao zilishindikana. Kwa hiyo ombi la mada hii linaelekezwa kwa waganga wafawidhi, wakuu wa vyuo na wahasibu zaidi kuliko kwa mafundi. Kabla ya robo hii ya mwaka kuisha, kila mmoja achague rekodi moja ya miezi mitatu iliyopita, amwite fundi wake, na adai irejeshwe mbele ya macho yake kutoka kwenye nakala, kwenye kompyuta nyingine, seva kuu ikiwa imezimwa. Muda uliotumika uandikwe kwenye daftari na kutiwa saini na wote wawili.