Mahindi Hayangoji Bajeti

Leo niko na jambo moja tu.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Siku hiyo ikifika kabla sheria ya matumizi haijapita, kifungu cha 222 cha Katiba kinaliruhusu Bunge kuidhinisha pesa za muda, zisizozidi nusu ya makadirio ya mwaka. Sawa, mishahara italipwa, taa za ofisi zitawaka. Utafiti je? Mtafiti wa mbegu kule Machakos anangoja mvua za vuli, Oktoba. Pesa zikimfikia Desemba, msimu umeenda, na yule mwanafunzi wa uzamili aliyemtegemea amepoteza mwaka mzima. Huwezi kupanda nusu ya msimu!

Na tusidanganyane, hata bajeti kamili haijatuokoa. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwa utafiti kila mwaka. Hiyo ni sheria, si ahadi ya jukwaani. Nani hapa amewahi kuiona?

Mbunge wako akija mtaani, hata kama ni wa chama chetu, muulize: nusu hiyo ikitolewa, maabara na mashamba ya majaribio yako wapi kwenye foleni?