NAPOLEON NA MAPINDUZI YA WAFARANSA



Mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani: "Mwalimu, Wafaransa walimwua mfalme wao, na kabla ya kutimia miaka kumi na miwili wakamkubali kaisari. Yawezekanaje?" Jioni hii nataka kulijibu swali lake.

Katika mwaka wa 1789 Wafaransa waliinuka, wakatangaza ya kuwa watu huzaliwa huru, tena wana haki sawa. Mwezi wa Januari 1793 wakamkata kichwa mfalme wao, Louis wa 16. Mwezi wa Februari 1794 baraza lao likafuta utumwa katika makoloni. Walakini damu nyingi ilimwagika, chakula kikawa ghali, fedha za karatasi zikakosa thamani. Raia wakachoka. Mfa maji hukamata maji.

Ndipo alipotokea jemadari Napoleon Bonaparte, mtu wa miaka 30, aliyerudi kutoka vitani Misri. Mwezi wa Novemba 1799 askari waliingia barazani huko Saint-Cloud, wakawafukuza wajumbe kwa singe. Wengine walitokea madirishani.

Je, aliyaua mapinduzi? Hakuyaua yote. Aliyageuza, kama mtu ageuzavyo maji ya mto kwa mfereji: maji ni yale yale, lakini yeye ndiye achaguaye shamba litakalopata. Wakulima walionunua ardhi iliyokuwa ya kanisa hawakunyang'anywa. Sheria zake za mwaka 1804 ziliwaweka wanaume wote sawa, mwana wa bwana na mwana wa fukara. Bali mke aliwekwa chini ya amri ya mumewe. Magazeti ya siasa ya Paris yalikuwa 73. Mwaka 1800 aliyafunga 60. Na mwaka 1802 akarudisha utumwa.

Katika koloni ya Saint-Domingue, kwenye visiwa vya Karibi, watu weusi walikuwa huru tayari. Kiongozi wao, Toussaint Louverture, aliyezaliwa mtumwa, alikamatwa kwa hila mwaka 1802, akapelekwa Ufaransa, akafa gerezani mwaka 1803. Wenzake waliposikia ya kuwa utumwa umerudi Guadeloupe, walijua zamu yao yaja. Wakapigana, wakashinda, na tarehe 1 Januari 1804 wakatangaza nchi huru ya Haiti. Tarehe 2 Desemba mwaka huo huo, Napoleon alijivika taji la kaisari kwa mikono yake mwenyewe.

Basi, mwanafunzi wangu, jibu ni hili. Wafaransa walitaka utulivu, naye aliwapa. Sehemu ya bei ililipwa na watumwa ng'ambo ya bahari, waliongoja hata mwaka 1848 ndipo wakawekwa huru tena. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtu akija na upanga kuwaahidi amani, msiulize bei tu. Ulizeni pia ni nani atakayelipa.

Kwaherini.