Mwendo wa Watoto

Somo: Mwanzo 33:12–17



Leo nataka tutembee pamoja. Hatuendi kupanda Mlima Kenya, wala hatuendi mashindanoni. Ni matembezi ya asubuhi moja, kando ya mto, chini ya miti, ambayo baba, mama, nyanya mwenye afya na mtoto wa miaka sita wanaweza kuyamaliza kwa miguu yao wenyewe.

Sisi wa Kericho na Bomet tumejaliwa nchi ya namna hiyo. Msitu wa Mau uko juu yetu, na kutoka humo mito huteremka kati ya mashamba ya chai. Mto Itare huenda kuungana na maji ya Sondu. Mto Nyangores hupita Tenwek na Bomet, hukutana na Amala, na hapo huanza Mto Mara, ule unaowanywesha nyumbu wa Maasai Mara na Serengeti kabla ya kuingia Ziwa Victoria karibu na Musoma. Kandokando ya mito mingi umebaki ukanda wa miti ya asili. Ukitulia humo utamsikia mbega, na ukibahatika utamwona akiruka, mkia wake mweupe ukimfuata.

Lakini jiulize, ndugu yangu: mtoto wako anaujua mto huo? Pengine anaujua kama mahali pa kuteka maji au kunywesha ng'ombe. Mchuma chai hulipwa kwa kilo, naye hutoka nyumbani umande haujakauka. Mwalimu ana madaftari ya kusahihisha. Mwenye duka hafungi hata sikukuu. Basi watoto wetu wanatufahamu kwa migongo yetu, tukiondoka.

Kwa hiyo tengeni asubuhi moja. Nitasema mambo machache ya kuwasaidia wale ambao hawajazoea.

Kwanza, ombeni ruhusa. Shamba la chai lina wenyewe, na msitu wa serikali una ofisi yake. Ingieni kwa mlango, mkiwa na mwenyeji anayeijua njia, kwa maana ndani sana mwa Mau wako hata ndovu, na msitu mnene humpoteza mgeni upesi.

Pili, ondokeni mapema. Kwetu mvua hupenda kuja baada ya adhuhuri, mara nyingine pamoja na mawe. Kilomita tatu, kwenda na kurudi, zinawatosha wanaoanza. Na mgeni kutoka Kisumu asione haya akihema, kwa sababu mji wa Kericho uko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, naye ametoka chini sana.

Tatu, uheshimuni mto. Mvua ikinyesha juu msituni, maji huweza kujaa huku chini jua likiwa bado linawaka. Mkiona maji yamebadilika rangi ghafula, yakileta majani na vijiti, waondoeni watoto ukingoni mara moja na mpande juu. Mawe yenye ukungu wa kijani huteleza kama sabuni. Wala msinywe maji hayo kwa kuwa yanaonekana safi. Chukueni maji yaliyochemshwa, chupa ya chai, viazi, na kibuyu cha mursik kama mnacho.

La nne ndilo lililonifanya nizungumze nanyi leo. Nani atangulie, na nani awe wa mwisho?

Sisi ni watu wa mbio. Mwaka 1964, kule Tokyo, Wilson Kiprugut wa Kericho alipata shaba katika mita 800, nayo ikawa medali ya kwanza ya Kenya katika Michezo ya Olimpiki. Tunajivunia jambo hilo, na ni haki yetu. Lakini ile hamu ya kutangulia tunaichukua hata mahali isipohitajika. Angalieni kundi lolote la vijana wakitembea. Wenye nguvu huenda mbele. Wakifika kivulini huketi, hunywa maji, hucheka, huku wakiwangoja wengine. Baada ya robo saa yule wa mwisho anatokea, amelowa jasho. Wenzake wanasema, "Haya, sasa tumefika wote, twendeni!" Nao wanainuka.

Mmeona lililotendeka? Mwenye nguvu amepumzika robo saa. Aliyechoka hakupumzika hata dakika moja. Hakuna aliyekusudia kumtesa, tena walimngoja. Hata hivyo, kwa kungoja kwa namna hiyo, aliyehitaji pumziko zaidi ndiye aliyelikosa.

Tukumbuke sasa habari za Yakobo. Alikuwa amerudi kutoka kwa Labani baada ya miaka ishirini. Esau alimlaki na watu 400, wakalia, wakapatana. Ndipo Esau akamwomba wasafiri pamoja. Yakobo akamjibu kwamba watoto ni wachanga, na wanyama wake wananyonyesha, na wakiendeshwa kwa haraka siku moja tu, kundi lote litakufa. Basi bwana wake atangulie, naye atafuata polepole, kwa kadiri ya mwendo wa mifugo na wa watoto.

Wako wafafanuzi wanaosema kwamba Yakobo alikuwa akitafuta udhuru, maana hakumfuata Esau mpaka Seiri, bali alikwenda Sukothi. Inawezekana. Lakini hata kama ulikuwa udhuru, neno lenyewe lilikuwa kweli, na kila mchungaji wa mifugo alijua ni kweli. Wala tusisahau kwamba Yakobo mwenyewe alikuwa akichechemea wakati ule. Mtu anayechechemea huwaona walio nyuma.

Basi mkienda mtoni, mwenyeji wenu atangulie kuonyesha njia, na mtoto mdogo kuliko wote amfuate. Mwendo wake uwe ndio mwendo wa wote. Mwenye nguvu zaidi awe wa mwisho, abebe mzigo, ahakikishe hakuna aliyebaki. Na mkipumzika, hesabuni mapumziko tangu anapoketi yule aliyechoka. Akisimama kutazama siafu, simameni naye. Akiuliza maji haya yanakwenda wapi, mwelezeni habari za nyumbu na Musoma. Na nusu ya muda wenu ikiisha, rudini, hata kama maporomoko yako mbele kidogo tu. Mto hautahama.

Ndugu wapendwa, jambo hili haliishii mtoni. Nyumbani yuko mtoto aliye wa mwisho darasani. Kila muhula tunamngoja afikie wenzake, na anapofika tu tunamwambia, "Haya, wenzako wako mbele." Kanisani yuko mjane ambaye amemaliza mchango wa mabati juzi, na leo tumekwisha kutangaza mchango wa madhabahu. Yuko mzee ambaye angali akitafuta ukurasa wa wimbo tunapomaliza ubeti wa pili. Hawa hawalalamiki. Wanahema tu, hadi siku moja tunageuka na hatuwaoni. Ndipo tunasema wamerudi nyuma. Je, wamerudi nyuma, ama sisi ndio tuliowaacha njiani?

Mchungaji Mwema hawapi kondoo wake saa ya kufika. Anawahesabu, na mmoja akikosekana, anarudi kumtafuta.

Jumamosi hii, mvua ikituruhusu, mchukue mtoto wako mkono mwende mtoni. Acha yeye apime mwendo. Huenda msifike mbali, lakini mtafika pamoja.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyewaongoza watu wako jangwani pamoja na watoto na mifugo yao, utufundishe kutembea polepole kwa ajili ya walio dhaifu. Uwape pumziko waliochoka. Utulinde njiani sisi na watoto wetu, uturudishe nyumbani wote, asikose hata mmoja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.