Adui ni Virusi, Wala si Mkimbizi

Ndugu wapiganaji na askari polisi, wapo maadui wasiovuka mpaka na bunduki. Virusi vya korona asili yake ni wanyama. SARS, iliyozuka China mwaka 2002, ilihusishwa na popo na fungo. MERS, iliyogunduliwa Saudi Arabia mwaka 2012, watu huipata kwa ngamia. UVIKO-19 ulithibitishwa Uganda tarehe 21 Machi, 2020, kwa msafiri aliyetua Entebbe akitoka Dubai, wala si kwa mkimbizi wa Nakivale.

Basi askari asimamishaye magari baina ya Nakivale na Nyamityobora, mjini Mbarara, akumbuke kuwa lugha ya mtu si kipimo cha ugonjwa. Homa yaweza kuwa malaria. Ukweli hutolewa na maabara, kwa kupima ute wa pua na koo. Dawa za kuua bakteria haziui virusi. Mgonjwa mahututi husaidiwa kwa oksijeni, na kwa deksamethasoni kwa maagizo ya daktari.

Anayeogopa kupigwa hujificha. Akijificha, ugonjwa huenea hata kambini mwa askari. Kumfikisha hospitali kwa heshima ndiko kulilinda taifa.