Maneno Makubwa ya Kiingereza na Maana Zake
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Ilomba, Mbeya)



Nimetakiwa kueleza jinsi mtumishi wa Serikali awezavyo kujifunza maneno makubwa ya Kiingereza. Wako wayatafutao maneno hayo kama mtu atafutavyo tai ya kuvaa Jumapili. Sina ugomvi nao, kwani pambo si dhambi. Lakini karani hakuajiriwa awe pambo la afisi. Amewekwa kati ya karatasi na raia, na neno asilolijua yeye laweza kumdhuru mtu mwingine asiyeweza hata kulisoma.

Chukueni neno "sanction". Katika barua moja maana yake ni kibali: mkubwa amekubali fedha zitumike. Katika barua nyingine maana yake ni adhabu: nchi fulani imezuiliwa biashara. Vivyo hivyo "oversight": mara ni usimamizi wa kazi, mara ni kosa la kupitiwa. Tuseme barua yaeleza kwamba shauri la mzee lilisahauliwa, naye karani amwambia kwamba lasimamiwa. Mzee yule atarudi kwake ameridhika, angoje kitu kisichokuja, na siku za kukata rufani zimpite. Hata maneno madogo yana hatari zake. Katika sheria "shall" kwa kawaida ni amri, na "may" ni ruhusa. Ajuaye tofauti hiyo ajua lini mkubwa amelazimishwa na sheria kutenda, na lini ameachiwa hiari yake.

Sasa natutazame historia ya nchi yetu. Baada ya vita vya 1914 hata 1918, Waingereza walikabidhiwa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa, na mwaka 1922 jambo hilo likathibitishwa kwa neno "mandate", ambalo asili yake katika Kilatini ni kutia mkononi. Mwaka 1946 neno likageuka likawa "trusteeship", nasi tukaliita udhamini. Kwa mtu asiyechungua, maneno yote mawili yalikuwa utawala tu. Lakini mdhamini si mwenye mali. Hushika mali ya mtoto mpaka mtoto akue, naye huulizwa hesabu.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945, katika kifungu cha 76, ulitaja wazi kwamba nchi za udhamini ziongozwe kufikia kujitawala au uhuru. Na kifungu cha 87 kiliruhusu kupokewa kwa "petition". Kamusi yaweza kukupa neno moja tu, yaani ombi, nawe ukadhani ni kuomba kama mtu aombavyo moto kwa jirani. Sivyo. Ilikuwa ni hati ya malalamiko ambayo Baraza la Udhamini lilikuwa na mamlaka ya kuipokea na kuichungua. Wameru walioondolewa katika ardhi yao ya Engare Nanyuki mwaka 1951 waliifahamu maana hiyo, na mwaka 1952 Bw. Kirilo Japhet alifika New York kueleza shauri lao. Safari hiyo haikuwarudishia ardhi wakati ule, lakini mataifa yalisikia. Na mwaka 1955, Mwalimu Julius Nyerere aliposimama mbele ya Baraza hilo, alikuwa akidai neno ambalo Waingereza wenyewe walikuwa wamelitia sahihi.

Basi tujifunzeje? Kwanza, usishike maneno kumi kwa siku. Shika mawili, nayo yatoke katika majalada yapitayo mikononi mwako, kwa kuwa neno lisilotumika husahaulika upesi.

Pili, tazama neno limekaa na nani. "Sanction" likifuatana na fedha na idhini, ni kibali. Likifuatana na kosa na uvunjaji wa sheria, ni adhabu. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili iliyosimamiwa na Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939 imetufaa sana, walakini hakuna kamusi iwezayo kukusomea barua yako.

Tatu, uliza asili ya neno. "Salary", yaani mshahara, latokana na neno la Kilatini la chumvi. Watu wa nyanda hizi, ambao wazee wao waliithamini chumvi ya Ivuna upande wa Ziwa Rukwa, hawatalisahau neno hilo tena.

Nne, na hili ndilo kubwa, lieleze neno kwa Kiswahili kwa mtu asiyejua Kiingereza. Akielewa, neno ni lako. Akiduwaa, bado ni la kitabu.

Najua wako watakaosema: Kiswahili kilifanywa lugha ya shughuli za Serikali mwaka 1967, na mwaka 2021 sheria ilibadilishwa kiwe lugha ya sheria na mahakama, ya nini basi kuhangaika na Kiingereza? Mabwana na Mabibi, nafurahia mabadiliko hayo kama ninyi. Lakini sheria nyingi ziliandikwa kwanza kwa Kiingereza, na mtu hawezi kufasiri asichokielewa. "Sanction" ikifasiriwa adhabu mahali pa kibali, kosa hilo litakuwa kosa kwa Kiswahili safi, na kila mtu ataliamini.

Marehemu Bw. Martin Kayamba, aliyeongoza chama cha watumishi Waafrika kilichoundwa Tanga mwaka 1922, alikwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Alianza kazi kama sisi, kwa kalamu ya karani.

Kwa hiyo naleta shauri moja. Kila mwanachama na alete katika mkutano ujao neno moja lililomtatiza kazini, pamoja na sentensi lilimotoka. Tulichambue pamoja, na maana tutakayokubaliana ichapwe katika gazeti letu, ili karani aliye peke yake Iringa au Mbeya apate kulitumia kabla mtu hajaumia.